Kabla Nijaze Fomu ya Masta

Wasee, wiki jana nilikwama kwa jam ndani ya matatu ya 46, barabara ya Argwings Kodhek, simu mkononi, fomu ya kuomba nafasi ya masta ya sheria iko wazi. Nilikuwa nimejaza kila kitu isipokuwa kisanduku kimoja: eleza kwa nini unataka kusoma kozi hii. Nikainua macho nikaona kibao cha barabara. Hilo jina tunamtajia konda kila siku na wengi wetu hatujui lilikuwa la nani.

Ni la wakili wa kwanza Mwafrika hapa Kenya. Wakati wa ukoloni serikali haikuwa na haraka ya kumwona Mwafrika akisoma sheria. Ualimu, sawa. Ukarani, sawa. Sheria? Waingereza walikuwa wameona India: Gandhi alikuwa wakili, Nehru alikuwa wakili, na mwisho wa hiyo stori tunaujua. Afrika Mashariki haikuwa na chuo hata kimoja cha kufundisha sheria, kwa hivyo ilibidi uvuke bahari. Kodhek alivuka, akarudi wakili mwaka wa 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa, akaanza kutetea washukiwa wa Mau Mau. Hebu fikiria hiyo ndiyo kazi yako ya kuanzia: mteja wako akishindwa, ananyongwa. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa miaka hiyo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka wa 1969, akiwa waziri, kwa ajali kwenye barabara hiihii.

Uhuru ulipokaribia, Uingereza ilishtuka kwamba mawakili Waafrika walihesabika kwa vidole. Kamati ya Lord Denning ikatoa ripoti mapema 1961, na Oktoba hiyo chuo kikafunguliwa Dar es Salaam, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi 14. Kitivo kilikuwa kimoja tu, sheria. Mkenya aliyetaka digrii ya sheria bila kwenda Ulaya alipanda basi kwenda Dar, hadi Nairobi ilipopata kitivo chake 1970. Effie Owuor, jaji mwanamke wa kwanza wa Mahakama Kuu yetu, alipitia huko.

Willy Mutunga pia. Na huyu ndiye alinisumbua, kwa sababu baada ya digrii ya kwanza alirudi Dar akafanya masta, akamaliza 1974. Akafundisha sheria Nairobi, akawekwa kizuizini 1982, na 2011 akawa Jaji Mkuu. Masta yake haikuwa ya kupamba CV. Dar ya wakati huo watu walikuwa wanabishana usiku kucha sheria ni ya nani, ya tajiri au ya mkulima.

Sasa mimi. Nina digrii ya sheria, deni la HELB, na bado sijaenda Kenya School of Law, na bila hiyo masta kumi haziwezi kunisimamisha mbele ya hakimu kama wakili. Mathe aliniuliza, "Kwani ile ya kwanza imeisha makali?" Nikacheka, lakini alinipata. Ukweli ni kwamba nilitaka masta kama stendi: mahali pa kukaa nikisubiri kazi ije, halafu watu wa kwetu wakiuliza, niseme nasoma. Najua siko pekee yangu, nusu ya darasa letu iko hapo.

Fomu inafungwa Ijumaa. Karo sina yote bado. Jana usiku nilirudi kwa kile kisanduku nikafuta yale maneno matamu niliyokuwa nimejaribu. Nikaandika kuhusu asubuhi ile vibanda vya mama mboga kwetu mtaani vilibomolewa, mmoja wao akanishika mkono akaniuliza, "Si wewe ulisomea sheria? Wanaruhusiwa?" Na miaka minne yote ya chuo, sikuwa na jibu la kumpa.

Bado sijabonyeza tuma.