EMDR: Tiba ya macho kwa wenye kumbukumbu chungu

Ajali, kubakwa, vita. Kuna mambo yanapita lakini kichwani hayapiti. Mtu anasikia breki za gari tu, mwili unatetemeka kama vile ni siku ileile.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, akitembea bustanini, alibaini mawazo yaliyomsumbua yanapungua makali macho yake yakihama huku na huku. Ndipo ikazaliwa tiba ya EMDR, ambayo Shirika la Afya Duniani, WHO, liliipendekeza mwaka 2013.

Inafanyikaje? Mgonjwa anachagua tukio moja, anasema linamuuma kiasi gani kuanzia 0 hadi 10, kisha analiwaza huku macho yakifuata vidole vya mtaalamu, kulia na kushoto, kama nusu dakika hivi. Anapumzika, anasema kilichomjia, wanarudia mpaka namba ishuke. Si lazima asimulie kila kitu, na hilo ni afueni kubwa kwa waliofanyiwa ukatili wasioweza hata kuutamka.

Inadhaniwa akili ikigawanyika kati ya tukio na vidole, picha ile inafifia. Wataalamu bado wanabishana kama macho yenyewe yana mchango wowote.

Tukio halisahauliki, ila linabaki kuwa habari ya zamani. Kikao huchukua dakika 60 hadi 90, na siku za mwanzo ndoto mbaya zinaweza kuongezeka. Kwa hiyo usijaribu peke yako kwa kufuata video za YouTube. Kidonda kikifumka, nani atakuwa karibu yako?