Kiembeni: ardhi, nyumba na ghorofa

Kiembeni ni mtaa wa makazi katika eneo la Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, nchini Kenya. Uko upande wa ndani wa barabara kuu iendayo Mtwapa na Malindi, si mbali na Bamburi. Nyumba za chini zenye ua sasa zinapakana na majumba ya ghorofa yenye bedisita na nyumba za vyumba viwili, kwa kuwa wapangaji wanaongezeka na ploti haziongezeki.

Mombasa hutajwa kama kisiwa, lakini wengi wa watu wake wako bara. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti, kutoka 939,370 mwaka 2009. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930. Njia ya kwenda bara ya kaskazini ilifunguka tangu daraja la kuelea la Nyali la 1931, kisha daraja la zege la 1980. Upanuzi wa barabara ya Mtwapa na Kilifi umezidi kuwavuta wanunuzi kaskazini.

Ploti ya kawaida ni ya futi 50 kwa 100. Ikijengwa nyumba moja, jamaa moja hubeba gharama yote ya ardhi. Ikijengwa ghorofa nne zenye nyumba tatu kila moja, gharama hiyo hugawanywa kwa kumi na mbili. Kadiri bei ya ploti inavyopanda, ndivyo hesabu hii inavyomsukuma mwenye ploti kujenga kwenda juu.

Si kila mahali pwani panaruhusu hivyo. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 iliyaacha maeneo mengi mikononi mwa wamiliki wachache na serikali, na wakazi wengi wakabaki bila hati. Hapo ukajikita mtindo wa Mombasa uitwao nyumba bila shamba: mtu hujenga nyumba yake, humlipa mwenye shamba kodi ya ardhi kila mwezi, na udongo unabaki wa mwenye shamba. Nyumba hizo nyingi ni za Kiswahili, za ukumbi mmoja na vyumba huku na huku. Bila hati benki haikopeshi, na ni wachache wanaothubutu kusimamisha zege juu ya ardhi anayoweza kuambiwa aiachie.

Ghorofa nayo humpa mtu nyumba isiyogusa udongo, ila kwa masharti mengine. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inamwezesha mnunuzi kupata hatimiliki ya nyumba yake ghorofani, pamoja na fungu katika ardhi, ngazi na paa, vinavyosimamiwa na shirika la wamiliki wote. Ardhi ikiwa ya kukodi, muda uliosalia lazima usipungue miaka 21.

Kikwazo kikubwa cha kujenga ghorofa kiko chini ya ardhi. Mombasa haina mto wa kudumu: maji ya bomba hutoka mbali, kama Baricho kwenye Mto Sabaki na chemchemi za Mzima, na mara nyingi hayatoshi. Mabomba yakikauka, watu hununua mitungi ya mkokoteni au huchimba visima. Sehemu kubwa ya Kisauni haina mabomba ya majitaka. Kila jengo hutegemea shimo lake, katika mwamba wa matumbawe unaopitisha maji kwa urahisi. Ploti iliyokuwa na choo cha jamaa moja sasa hupokea majitaka ya jamaa kumi na mbili, na kisima cha jirani kiko hatua chache kutoka hapo.