Majani ya Kivulini: Pierson na Biashara ya Makangaga

Jalidi ya kwanza ilipiga Florida mwezi Desemba 1894, ikaharibu matunda na kupukutisha majani ya michungwa. Kisha joto likarudi, miti ikachipua upya na utomvu ukapanda. Ndipo Februari 1895 ikaja jalidi ya pili, na hiyo ndiyo iliyoua. Utomvu uliganda ndani ya miti, magome yakapasuka. Jimbo lililokuwa likivuna zaidi ya masanduku milioni 5 ya machungwa na jamaa zake kwa msimu lilibaki na chini ya laki mbili. Wakulima wengi walifunga virago. Huko Pierson, makazi ya walowezi wa Kiswidi kaskazini-magharibi mwa wilaya ya Volusia, waliobaki walihitaji zao jingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 walilipata chini ya miti ya mialoni, kwenye kivuli ambacho mchungwa haukitaki.

Zao hilo la kwanza lilitoka Afrika. Asparagus plumosus, ambao leo wataalamu huuita Asparagus setaceus, huota wenyewe kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kwa hakika si kangaga. Ni ndugu wa asparagasi inayoliwa, na hutoa maua na matunda madogo. Wauza maua wa New York hawakuhangaika na nasaba yake. Walichotaka ni vitawi vyepesi vya kijani vya kuweka nyuma ya waridi na mikarafuu, na Pierson ikawapelekea kwa treni.

Hamu hiyo ya majani mabichi ilikuwa na historia yake. Uingereza ya katikati ya karne ya 19 ilishikwa na wazimu wa makangaga kiasi kwamba mwandishi Charles Kingsley aliupa jina mithili ya la ugonjwa mwaka 1855. Watu walichimba mabondeni na kwenye miamba wakayabeba hadi sebuleni, na baadhi ya aina adimu zikapungua vibaya. Marekani nayo ilianza kwa kuchuma porini. Vijiji vya kaskazini-mashariki viliuza kangaga la Polystichum acrostichoides, ambalo hubaki kijani hata majira ya baridi. Kwenye misitu ya jimbo la Washington, wachumaji walikata jamaa yake mrefu zaidi, Polystichum munitum. Kwa hiyo uamuzi wa Pierson wa kulilima jani badala ya kulifuata msituni ulikuwa na uzito kuliko unavyoonekana, hata kama uliletwa na njaa.

Kangaga halisi lilitawala baadaye, katikati ya karne ya 20. Hilo ni Rumohra adiantiformis, lenye jani la pembetatu, gumu na linalong'aa, linaloweza kukaa chomboni wiki mbili au tatu bila kunyauka. Wapambaji walipolizoea, asparagasi ikasukumwa pembeni. Rumohra hutambaa kwa mashina mazito juu ya udongo, na mkulima huyakata vipande ili kupanda shamba jipya. Linataka mwanga kidogo tu. Wenye mialoni walipanda chini yake. Wasio nayo walisimamisha nguzo na kutandaza neti nyeusi zinazozuia takriban robo tatu ya jua. Mji ukajitangaza kuwa makao makuu ya makangaga duniani.

Ndani ya vivuli hivyo kazi hufanywa na mgongo uliopinda. Mchumaji huingiza mkono kati ya majani, huchagua lililokomaa, hulikata karibu na udongo na kuliacha changa, kwa sababu jani changa hulegea kabla ya kufika sokoni. Akishapata mkono mzima, hufunga fungu kwa mpira. Nyoka hujificha humo humo. Tangu miaka ya 1970 na 1980 wengi wa wachumaji wamekuwa wahamiaji kutoka Mexico, wanawake wakiwa wengi, na malipo yao huhesabiwa kwa fungu.

Baridi haikuwasahau. Jalidi inapokaribia, wakulima hunyunyiza maji usiku kucha. Maji yakiganda juu ya jani hutoa joto kidogo, na joto hilo hulinda uhai wa jani ndani ya barafu. Lakini pampu zote zikiwashwa kwa pamoja, maji ya ardhini hushuka na visima vya majirani hukauka. Baridi kali za miaka ya 1980 ziliwashawishi wenye mitaji kuongeza mashamba Costa Rica, kwenye miinuko isiyojua jalidi, ambako majani yalianza kwenda hadi Ulaya. Mwaka 1991 kampuni ya DuPont iliondoa sokoni dawa ya ukungu ya Benlate baada ya wakulima kulalamika kwamba mimea inadumaa na kupotoka. Ililipa fidia, kisha ikakana kwamba dawa ndiyo chanzo. Mwaka 1993 ukaingia ugonjwa wa madoa unaoozesha majani machanga. Vimbunga vya 2004 vikaangusha neti na mialoni pamoja.

Wakati huo huo, kangaga hilo hilo la Rumohra lilikuwa likichumwa porini upande mwingine wa dunia, katika misitu ya Knysna, Afrika Kusini, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watafiti walipima mmea mmoja mmoja. Waliona kwamba ukinyang'anywa majani yote, yanayofuata huwa madogo na hayauziki. Ukatungwa utaratibu wa kuchukua nusu tu ya majani yaliyokomaa, kisha kuliacha eneo lipumzike miezi 15. Katika historia yote ya biashara hii, sioni hatua ya busara zaidi kuliko hiyo, kwa sababu kipimo kilitoka kwenye mmea wenyewe, si kwenye oda ya mnunuzi.

Kwa mchumaji hakujatungwa kipimo cha namna hiyo. Sheria ya kazi ya Marekani ya 1938 iliwaacha wafanyakazi wa mashambani nje ya malipo ya saa za ziada, na katika ngazi ya taifa bado wako nje.