Ndege inaongozwa namna gani angani: vibao vitatu, kamba za chuma na uzito wa abiria

Kwa wakaaji wengi wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri, Maniema na Tshopo, ndege si kitu cha matajiri peke yao. Barabara ikikatika ao ikikosa usalama, ndege ndogo ndiyo inabakia kubeba mgonjwa, mwanafunzi, mfanya biashara na dawa za hospitali. Mbele ya kupanda, abiria anapimwa kilo pamoja na mzigo wake, anaonyeshwa kiti, kisha anaambiwa asihame. Wengi wanaona ni kusumbuliwa tu. Kumbe sababu iko, na inatoka moja kwa moja kwenye namna ndege inavyoongozwa.

Ndege inasukuma hewa

Motari akitaka kukata kona, anageuza gidoni na tairi inashika barabara. Angani hakuna barabara ya kushika. Kuko hewa tu. Ndiyo maana nyuma ya mabawa na kwenye mkia wa ndege kumewekwa vibao vyenye kucheza kwenye bawaba, sawa vile mlango. Kibao kikiinuka ao kikishuka, hewa yenye kupita kwa kasi inakisukuma, na upande ule wa ndege unapanda, unashuka ao unavutwa pembeni.

Wavuvi wa ziwa wanajua jambo hilo. Mtumbwi ukiwa umesimama, kulaza kasia nyuma hakuugeuzi. Ukiwa unakimbia, kulilaza kidogo kunatosha. Ndege ni vilevile: bila mwendo, vibao havina nguvu. Rubani anaweza kuvuta usukani mpaka mwisho, lakini kama hewa haipiti kwa kasi ya kutosha, ndege haitamsikia.

Urefu wa mahali nao unahesabika. Uwanja wa Goma uko kwenye zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari, na ule wa Kavumu karibu na Bukavu uko zaidi ya meta 1,700. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Kisangani, mji wenye kuwa kwenye karibu meta 400. Kwa hiyo ndege yenye uzito uleule inaomba kukimbia zaidi chini mbele ya kuruka. Ndiyo sababu mzigo wenye kukubaliwa kwenye uwanja mmoja unaweza kukataliwa kwenye mwingine.

Vibao vitatu na kazi yake

Vibao vya kwanza vinaitwa aileroni. Viko viwili, nyuma ya mabawa, karibu na ncha. Rubani akigeuza usukani wa mkononi upande wa kushoto, aileroni ya kushoto inainuka na ya kuume inashuka. Bawa la kuume linabebwa zaidi, la kushoto linashuka, na ndege inalala kushoto. Hivyo ndivyo ndege inakata kona: inalala, sawa vile pikipiki kwenye kona ya mwendo, na ile nguvu ya mabawa yenye kuibeba inaivuta pia pembeni. Mwaka 1903, ndugu Wilbur na Orville Wright walipofanikiwa kuruka kule Marekani, ndege yao haikuwa na aileroni. Walikuwa wanakunja ncha za mabawa yenyewe kwa kamba. Wazo lilikuwa lilelile.

Cha pili ni elevata, kibao chenye kulala kwenye mkia. Rubani akivuta usukani kwake, elevata inainuka, hewa inasukuma mkia chini, na pua ya ndege inapanda. Akisukuma mbele, pua inashuka. Kibao hiki si kikubwa, lakini kiko mbali na katikati ya ndege, na umbali ule unakipa nguvu, kama mtoto mwepesi mwenye kukaa kwenye ncha ya ubao wa kubembea. Hatari ni kuinua pua kupita kiasi. Hapo hewa haitiririki tena vizuri juu ya mabawa, na mabawa yanaacha kubeba. Dawa ya kwanza ni kushusha pua ili hewa ishike tena mabawa, hata kama ardhi iko karibu.

Cha tatu ni usukani wa mkia, kibao chenye kusimama wima. Rubani anauongoza kwa miguu, kwa pedali mbili. Wengi wanafikiri ndio unaokatisha ndege kona, sawa na usukani wa boti. Hapana. Kwenye kona, kazi yake ni kusaidia pua isichelewe ao kwenda upande usiofaa. Umuhimu wake unaonekana zaidi upepo ukipiga ubavuni wakati wa kutua, ao moteri moja ikizimika kwenye ndege ya moteri mbili. Moteri yenye kubakia inasukuma pua upande wa ile yenye kufa, na rubani anakanyaga pedali ya upande wa moteri nzima kusudi ndege iende sawasawa. Hapo tena mwendo ndio mkubwa: ndege ikipunguza kasi chini ya kipimo chake, usukani wa mkia unashindwa, hata pedali ikikanyagwa mpaka mwisho.

Kutoka mkono wa rubani mpaka kwenye kibao

Kwenye ndege ndogo, kama Cessna Caravan zenye kutua kwenye viwanja vya udongo, usukani umeunganishwa na vibao kwa kamba za chuma zenye kupita kwenye puli chini ya sakafu na ndani ya mabawa. Nguvu ni ya mikono na miguu ya rubani mwenyewe. Uzuri wake ni kwamba moteri ikizimika, kamba zinaendelea kufanya kazi. Lakini zinaomba kuangaliwa: kamba inaweza kulika kwenye puli, kulegea, ao kufungwa vibaya na fundi.

Ndege kubwa zina vibao vizito, na hewa inavisukuma kwa nguvu yenye kushinda mkono wa mtu. Hapo kunatumiwa mafuta yenye kubanwa ndani ya mirija, kama kwenye breki za gari ndogo. Kwa sababu mrija unaweza kupasuka, ndege hizo zinawekewa mifumo miwili, mitatu ao zaidi. Hata hivyo, tarehe 19 Julai 1989, ndege DC-10 yenye kubeba watu 296 ilipoteza mifumo yote mitatu juu ya jimbo la Iowa, Marekani, kisha vipande vya moteri ya mkiani kukata mirija. Marubani walibaki na moteri mbili za mabawa peke yake, wakazichezesha moja juu, moja chini, kusudi ndege igeuke na kushuka. Ilianguka ikijaribu kutua mjini Sioux City. Watu 112 walikufa, lakini 184 walipona. Tarehe 22 Novemba 2003, ndege ya mizigo Airbus A300 ilipigwa kombora ikitoka Baghdad, Iraki. Nayo ilibaki bila mafuta ya kuongozea. Watu wake watatu waliirudisha chini kwa moteri tu, wote wazima.

Namna ya tatu ni ya umeme. Airbus A320, yenye kuanza kazi mwaka 1988, haina kamba kati ya mkono wa rubani na aileroni. Rubani anasogeza fimbo ndogo, kompyuta zinasoma anachotaka, na umeme unapeleka amri kwenye mitambo ya mafuta. Kompyuta hizo zinaweza kukatalia amri yenye kupita kipimo, kwa mfano kulaza ndege kupita kiasi.

Kufungua na kuhakikisha

Ndege ikilala uwanjani, upepo unaweza kupigapiga vibao na kuviharibu. Kwa hiyo vinafungwa na kifungio. Kusahau kukifungua kunaua. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya kijeshi Boeing 299 ilipanda vibao vya mkia vikiwa vimefungwa, ikainua pua kupita kiasi na kuanguka. Marubani wawili walikufa. Kutoka pale kulianza desturi ya rubani kusoma orodha ya kazi mbele ya kuruka, hata kama anaijua kwa kichwa.

Ndiyo maana abiria wenye kukaa karibu na dirisha wanaona vibao vikitikisika mbele ya ndege kuanza kukimbia. Rubani anahakikisha mambo mawili: kila kibao kinacheza bila kukwama, na kinaenda upande wenye kufaa. Kazi hiyo haimalizi hata dakika moja. Tarehe 31 Mei 2014, huko Bedford, Marekani, ndege ya watu 7 ilikimbia kwenye uwanja kifungio kikiwa bado. Haikuruka, ikapita mwisho wa uwanja na kuwaka moto. Hakuna mwenye kupona. Uchunguzi ulionyesha kwamba kwenye safari 175 za mbele, karibu zote marubani walikuwa hawakufanya ukaguzi huo kwa ukamilifu.

Uzito unaamua kama kibao kitatosha

Elevata ina mwisho wake. Inaweza kuinuka mpaka hapa, kushuka mpaka pale, basi. Uzito ukirundikana nyuma, mkia unavuta chini na pua inapanda yenyewe. Rubani anasukuma usukani mbele mpaka unagonga, lakini elevata haina tena cha kutoa. Uzito ukirundikana mbele, pua ndiyo inakataa kuinuka.

Tarehe 8 Januari 2003, ndege Beechcraft 1900D yenye kubeba watu 21 ilianguka mara tu ilipopaa kutoka Charlotte, Marekani. Wote walikufa. Muda mfupi mbele ya hapo, mafundi walirekebisha kamba ya elevata vibaya, na uwezo wa kushusha pua ukapungua karibu nusu. Jaribio la mwisho la kuhakikisha halikufanyika. Ndege iliruka mara kadhaa bila tatizo kuonekana. Siku ile ilikuwa imejaa, na mizigo ilikuwa mizito nyuma. Kilo za abiria zilikuwa zimekadiriwa tu, si kupimwa, na kwa kweli zilizidi hesabu. Kosa la kamba peke yake halikuwa limeiangusha. Kamba na uzito pamoja ndivyo viliiangusha.

Mzigo wenye kutembea ni hatari vilevile. Tarehe 29 Aprili 2013, huko Bagram, Afghanistani, ndege ya mizigo Boeing 747 ilikuwa imebeba magari mazito ya kijeshi. Ikipaa, angalau gari moja lilikata vifungo, likarudi nyuma na kuvunja mitambo ya kuongoza mkia. Watu 7 walikufa.

Congo nayo ina masomo yake. Tarehe 8 Januari 1996, ndege Antonov An-32 yenye kuzidiwa uzito ilishindwa kuruka kwenye uwanja wa N'Dolo, Kinshasa, ikaingia ndani ya soko la Simbazikita na kuua watu zaidi ya 200. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege Let L-410 ilianguka Bandundu ikikaribia kutua. Kati ya watu 21, mmoja tu alipona. Kufwatana na maelezo yake, mamba mwenye kufichwa ndani ya mfuko alitoka, abiria wakakimbilia mbele wote, na ndege ikapoteza usawa.

Mambo yenye kuwa mikononi mwa abiria

Kamba na puli ni kazi ya fundi. Vibao ni kazi ya rubani. Lakini sehemu ya uzito iko kwa abiria, na ni hii:

Kupanda kwenye mizani na kila kitu, hata mfuko wa mkononi, samaki na simu. Kilo zenye kufichwa haziingii kwenye hesabu, lakini ndege inazibeba.

Kukaa kwenye kiti chenye kuonyeshwa, hata kama kiti kingine kiko wazi. Kwenye ndege ya watu 12 ao 19, watu watatu kuhamia nyuma ni zaidi ya kilo mia mbili zenye kubadilisha mahali.

Kutokuja na mnyama hai ao mzigo usiotangazwa, na kutoweka mifuko kwenye njia ya katikati bila kufungwa.

Kutosimama wala kukimbilia upande mmoja ndege ikiwa inapanda ao inatua, hata watu wakiogopa. Wakati ule mwendo ni mdogo na ardhi iko karibu, na nguvu ya vibao ndiyo ile tu rubani amebakia nayo.

Na mzigo ukikataliwa kwenye mizani, kuuacha kwa ndege ya kesho.