Mchoro wa Dola 30

Mwaka 2016, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mtu mmoja alilipa dola 30 kwa mchoro mdogo wa wino: Bikira Maria amekaa juu ya majani, mwanawe mapajani. Chini yake kulikuwa na herufi A na D, saini inayojulikana ya Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nuremberg aliyefariki mwaka 1528.

Siku hiyo vilikuwa vikiuzwa vyombo vya marehemu mmoja wa huko Massachusetts. Wamarekani huuzia nyumbani kwa marehemu mwenyewe: warithi hukodi kampuni, kila kitu kuanzia kochi hadi vijiko kinabandikwa bei, watu wanapanga foleni tangu alfajiri. Siku ya kwanza bei hazigusiki; siku ya mwisho mara nyingi hushuka hadi nusu, maana nyumba inatakiwa ibaki tupu. Wapanga bei wana vitu mamia na siku chache tu, kwa hiyo kila kimoja hupata jicho la haraka. Hapo ndipo mwindaji wa bei nafuu anapopatia riziki yake.

Marehemu huyo wa Massachusetts alikuwa msanifu majengo Jean-Paul Carlhian, aliyefariki mwaka 2012, mtoto wa ukoo uliofanya biashara ya sanaa na mapambo ya nyumba jijini Paris. Penye miti hapana wajenzi! Lakini tusiwacheke warithi. Walidhani ni nakala ya karne ya 20, na dhana hiyo ilikuwa na mashiko: saini ya Dürer ilianza kughushiwa angali hai. Marcantonio Raimondi wa Italia alinakili michoro yake, herufi zile zile zikiwemo.

Mwaka 2019 Clifford Schorer, mfanyabiashara wa sanaa, alisimama njiani kwa muuza vitabu kutafuta zawadi, kwa kuwa aliyokusudia kuichukua aliisahau. Muuza vitabu akamwambia ana rafiki mwenye mchoro wa Dürer. Schorer hakuamini, mpaka alipouona.

Ushahidi mzito ulitoka kwenye karatasi. Ukiiinua kwenye mwanga inaonyesha alama ya mkuki wa meno matatu na pete, ambayo imo katika karatasi zaidi ya 200 alizotumia Dürer. Wino wa saini nao ulilingana na wa mchoro. Christof Metzger wa jumba la makumbusho la Albertina, Vienna, alikubali kuwa ni kazi halisi, ya mwaka 1503 hivi. Mwishoni mwa 2021 ulioneshwa London, ukikadiriwa kufikia hata dola milioni 50.

Si mchoro huo peke yake uliouzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 2020, huko Connecticut, bakuli la Kichina la karne ya 15 lilikuwa uani kwa mtu, likiuzwa pamoja na vyombo vilivyotumika. Mnunuzi aliwatumia picha wataalamu wa kampuni ya mnada ya Sotheby's, na Machi 2021 likauzwa dola 721,800. Uani pale lilikuwa limewekewa bei ya dola 35, naye alilipa bila kuomba apunguziwe.