Kelele za mota katika diski za kompyuta za zamani

Kelele za mota ni hitilafu ya kawaida katika draivu za flopi na diski ngumu zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1970 na 1990. Huja kama mluzi mwembamba, mkwaruzo, mngurumo au kugonga-gonga. Fundi mgeni hukimbilia kuilaumu mota. Mara nyingi mota haina kosa, na anayeanza kazi kwa kuifungua huondoka na ubovu mkubwa kuliko aliokuja nao.

Draivu ina mota mbili. Ya kwanza huizungusha diski: flopi nyingi mara 300 kwa dakika, zile za inchi 5.25 zenye megabaiti 1.2 mara 360, na diski ngumu nyingi za miaka ya 1980 mara 3,600. Ya pili husogeza kichwa cha kusomea, na katika flopi na diski ngumu za bei nafuu ilikuwa mota ya hatua, inayosogea kwa kuruka kutoka njia moja hadi nyingine. Kujua ni ipi kati ya hizo inayolia ni nusu ya kazi. Sauti isiyokatika wakati wote diski inapozunguka ni ya mota ya kwanza au ya kitu kinachogusana nayo. Sauti inayokuja na kukoma kompyuta inapotafuta faili ni ya kichwa.

Mfano mzuri ni Seagate ST-225, diski ngumu ya megabaiti 20 iliyotoka mwaka 1984 na kufungwa katika kompyuta nyingi za aina ya IBM PC. Malalamiko makubwa juu yake ni mluzi unaosikika hadi chumba cha pili. Ukiigeuza utaona, katikati ya upande wa chini, ulimi mwembamba wa shaba wenye punje ya kaboni inayogusa ncha ya shafti. Kazi ya ulimi huo ni kupitisha nje umeme tuli unaojikusanya kwenye sahani zinazozunguka, usije ukarukia kwenye vichwa. Miaka ikipita kaboni hulika, ulimi huanza kutetema, na mtetemo huo ndio mluzi wenyewe. Kuuthibitisha ni rahisi: diski ikiwa inazunguka, gusa mgongo wa ulimi kwa njiti kavu ya kiberiti, kwa wepesi. Mluzi ukikoma au ukibadilika, mchawi umempata.

Tiba yake ni kusafisha mahali kaboni inapogusa shafti, kisha kubandika kipande chembamba cha mpira mgongoni mwa ulimi ili kizime mtetemo. Wapo wanaoung'oa kabisa, na diski zao zinaendelea kusoma. Hata hivyo, watengenezaji wasingeongeza kipande hicho kwenye bidhaa ya bei nafuu kama hakikuwa na kazi. Afadhali kukinyamazisha kuliko kukitupa.

Mluzi ukibaki hata baada ya hapo, basi ni beringi. Diski ngumu za zama hizo zilitumia beringi za gololi, na grisi iliyomo hukauka. Beringi hizo zimo ndani ya kasha lililofungwa, ambamo vichwa huelea juu ya sahani kwa nafasi iliyo chini ya maikromita moja. Chembe ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Kulifungua kasha nyumbani ni kuiua diski. Kinachobaki ni kunakili data yote, na kama diski inazunguka wakati huu, inakiliwe kabla ya kuzimwa, kwa sababu beringi kavu inaweza kugoma kuzunguka tena. Ukimya uliozoeleka baadaye ulitokana na beringi za kimiminika, ambazo Seagate ilizieneza kuanzia mwaka 2001 kwa diski yake ya Barracuda ATA IV.

Kwa flopi mambo ni mepesi zaidi, maana karibu kila kitu kinafikika kwa bisibisi. Mkwaruzo wakati kichwa kinatembea husababishwa na grisi ya kiwandani iliyoganda kwenye skrubu ndefu na reli zake. Grisi hiyo haiongezewi nyingine juu yake. Hufutwa yote kwa spiriti na pamba, skrubu ikapakwa grisi nyepesi isiyodhuru plastiki, na reli zikapitishiwa mafuta kidogo sana. Kwa bushi ya shaba ya mota, tone moja la mafuta ya cherehani linatosha. WD-40 haifai: huyeyusha grisi iliyokuwapo, hukauka baada ya muda mfupi, na kelele hurudi ikiwa kubwa zaidi.

Draivu za inchi 3 za Amstrad, kama ya CPC 6128 ya mwaka 1985, huzungushwa kwa mkanda wa mpira. Mkanda huo hulegea, au huyeyuka kabisa ukawa kama lami nyeusi. Mota husikika ikivuma huku diski ikisitasita, na kompyuta ikidai haioni diski. Hapo ni kufuta lami yote kwenye magurudumu kwa spiriti, kisha kufunga mkanda mpya.

Kuna pia kelele isiyo ubovu. Disk II ya Apple, iliyotoka mwaka 1978, haina kihisi cha kuonyesha kichwa kilipo. Kila kompyuta inapowashwa, kichwa husukumwa kuelekea njia ya kwanza hadi kigonge kizuizi, na mota ikaendelea kukisukuma, ndiyo maana hutoa sauti ya kutisha. Commodore 1541 ina tabia hiyo hiyo inapofomati au inapokutana na hitilafu ya kusoma. Mtu anayesikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza huzima haraka. Haina haja, ila kwa 1541 kugonga huko kukirudiwa mno hupotosha mpangilio wa kichwa.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, pima umeme. Mota nyingi hutumia volti 12, zinazokuja kwenye waya wa njano, na kapasita zilizochoka katika kisambaza umeme huzifanya zipande na kushuka. Mota hapo huvuma kwa mawimbi, na hakuna mafuta yatakayoitibu.

Mkanda ukibadilishwa, spidi hupimwa upya. Draivu nyingi zina duara lenye mistari kwenye gurudumu la chini, seti moja ya hezi 50 na nyingine ya hezi 60. Chini ya taa ya zamani ya mrija, mistari huonekana imesimama pale spidi inapokuwa sahihi. Kenya na Tanzania zinatumia hezi 50, kwa hiyo soma seti hiyo, si ile ya Marekani. Taa nyingi za LED hazifai kwa kipimo hiki. Badala yake tumia programu ya kupima spidi, na kwa draivu ya mizunguko 300 hakikisha mzunguko mmoja unachukua milisekunde 200. Kisha jaribu kwa flopi usiyoihitaji, kwani tone la mafuta lililofika kwenye kichwa huharibu flopi ya kwanza itakayoingizwa.