Fani Iliyozaliwa Chumbani: Tubular Bells ya Mike Oldfield

Katika mijadala yetu ya uhakiki tumezoea kusema kwamba fani na maudhui havitengani. Ni sawa, lakini mara nyingi tunasahau kitu cha tatu: zana alizokuwa nazo mtunzi. Katika makala haya nadai kwamba zana, hata zikiwa duni, huweza kuizaa fani yenyewe. Mfano wangu unatoka Uingereza, katika roki ya progresivu, yaani ile iliyouchoka wimbo wa dakika tatu ikatunga kazi za kujaza upande mzima wa santuri.

Mike Oldfield alizaliwa Reading mwaka 1953, akaacha shule akiwa na miaka 15. Hakupitia chuo cha muziki. Gitaa alilijua zaidi kwa sikio na vidole vyake. Mwaka 1970 alijiunga na bendi ya Kevin Ayers akipiga besi. Bendi ilipovunjika, Ayers alimwazima kinasa sauti cha Bang & Olufsen, naye akaanza kutunga nyumbani, Tottenham, London.

Sasa tazama ufundi wake. Kinasa sauti cha kawaida hufuta sauti ya zamani kabla ya kunasa mpya. Jamaa akakiziba kichwa cha kufutia! Basi akapiga ala moja, akaongeza ya pili juu yake, kisha ya tatu, peke yake. Utepe ndio uliokuwa daftari lake. Makampuni kadhaa ya santuri yaliikataa kazi hiyo, mpaka ikapata nafasi katika studio ya The Manor, Oxfordshire, ilikorekodiwa kati ya 1972 na 1973. Tarehe 25 Mei 1973 Tubular Bells ikatoka, santuri ya kwanza ya kampuni ya Virgin.

Wapo wanaosema ilikuwa bahati tu, kwamba filamu ya The Exorcist ndiyo iliyoibeba. Sikubaliani nao. Filamu inaeleza mauzo, haielezi umbo. Sikiliza mwisho wa upande wa kwanza: besi inarudia wazo lilelile, ala zinaingia moja moja, kila moja ikitajwa na Vivian Stanshall, hadi zinapolia kengele. Hiyo ni njia ileile ya chumbani iliyogeuzwa kuwa sanaa. Anayetunga kwenye utepe hurundika, husikiliza, kisha hurundika tena.

Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi. Studioni alikuta mikondo 16 ya kunasia pamoja na mafundi Tom Newman na Simon Heyworth. Na kazi ilipotakiwa kupigwa na okestra, aliyeipanga ni David Bedford, mtunzi aliyesomea; santuri hiyo ikatoka 1975. Je, Bedford ndiye mtunzi? Hata kidogo. Sisi wa fasihi simulizi tunajua kwamba anayeuandika utungo si lazima awe ndiye aliyeutunga.

Siku hizi wengi wanatunga majumbani kwa mtindo wa miaka ya 1970, kompyuta ikiwapa mikondo wanayotaka. Wanaiga milio ya vinanda vya zamani, na si vibaya. Lakini kwenye utepe ule wa Tottenham kosa halikufutika, hivyo kila ala ilibidi ifikiriwe kabla ya kupigwa. Mhakiki atakayewapima watunzi hawa asiulize walisoma wapi. Aulize wamejiwekea mipaka gani.